Tuziache soga za marafiki, tuushughulikie ujumbe usio na mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu soga za marafiki katika makundi ya simu, hasa ya WhatsApp, jambo ambalo wengi wetu tunalifanya tangu alfajiri hadi usiku, lakini likitajwa gazetini au mimbarini hutajwa kwa kulaumiwa tu. Nimesoma mara nyingi katika kurasa za maoni kwamba makundi haya ni kiwanda cha uzushi, kwamba yanawapotezea vijana muda na kuwamalizia wazee bando, na kwamba dawa yake ni ama kuyafunga ama kuwatia hofu wanaoyasimamia. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Tanga, nami nimo katika kundi la wenzangu tuliosoma pamoja kidato cha tano na cha sita, ambao leo wametawanyika Tanga, Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara, na wengine wawili watatu wako Muscat na Minneapolis. Kwa niliyoyaona humo, naamini kwa dhati kwamba lawama hizo zimeelekezwa pasipo mahali pake. Madhara tunayoyalalamikia hayaletwi na porojo za watu wanaofahamiana. Yanaletwa na ujumbe usio na mwenyewe, ule unaopokewa huku na kurushwa kule bila aliyeurusha kuongeza neno lake hata moja. Na tusipovitenganisha vitu hivi viwili, tutaua chenye manufaa na kukiacha chenye madhara kikiendelea.

Nianze na manufaa, maana ndiyo yanayosahaulika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliyumba nchini kote. Kundi letu lilikuwa limeamka kama kawaida, kwa salamu, dua na utani wa Simba na Yanga, kisha picha zikagoma kufunguka, ujumbe wa sauti ukawa unazunguka bila kushuka, na maandishi mafupi yakawa yanapita kwa kusuasua. Mmoja akauliza kama ni simu yake tu yenye matatizo. Mwingine akajibu kwamba yeye amekwisha kuizima na kuiwasha yake, tena ameunga bando jipya akidhani la zamani limekwisha. Wa Mwanza akasema kwake ni vilevile ingawa anatumia mtandao tofauti na wetu, na yule wa Muscat akashangaa, kwa kuwa kwake kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa isipokuwa sisi tuliochelewa kumjibu. Katika maswali hayo ya kawaida kabisa, watu wasio mafundi walikuwa wamekwisha kufanya uchunguzi wa maana: walijua kwamba tatizo halikuwa la simu moja, wala la mji mmoja, wala la kampuni moja, na kwamba lilikuwa upande wetu.

Mwenzetu mmoja anayefanya kazi katika mambo ya mawasiliano ndipo akatueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba sehemu kubwa sana ya mawasiliano yetu na mabara mengine haipiti kwenye setilaiti, kama wengi wanavyodhani, ila inapita katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari, yenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Kwamba mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kwamba EASSy una urefu wa takriban kilomita 10,000, kutoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan. Na kwamba mkongo ukikatika, mawasiliano hulazimika kuzungukia njia nyingine ambazo hazina nafasi ya kubeba mzigo wote huo kwa mara moja, ndiyo maana maandishi hupenya na picha hukwama. Habari zilizotolewa baadaye zilithibitisha kwamba mikongo hiyo miwili ilikuwa imekatika upande wa Afrika Kusini. Mwenye duka la vifaa vya umeme miongoni mwetu akauliza swali ambalo, kama mwalimu, nililipenda kuliko yote ya siku ile: "Sasa huko chini nani anakwenda kuunga?" Akajibiwa kwamba zipo meli maalumu zinazokwenda hadi pale palipokatika, zikainasa ncha moja ya mkongo na kuipandisha melini, kisha ncha ya pili, na mafundi wakaziunga nyuzi moja baada ya nyingine kabla ya kuurudisha mkongo majini. Katika sekondari zetu somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na mimi sijaona maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi kuliko yale yaliyoandikwa kwa dole gumba na mtu aliyekuwa akisubiri chai yake. Niliyatumia darasani wiki iliyofuata, katika mada ya mwanga.

Siku hiyohiyo, katikati ya mazungumzo hayohayo, ukaingia ujumbe mrefu wenye herufi nene na alama nyingi za mshangao. Ulidai kwamba intaneti imezimwa kwa makusudi, kwamba haitarudi kwa siku kadhaa, na kwamba kila mwenye fedha katika simu yake azitoe zote kabla ya usiku. Juu yake ilikuwapo ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umekwisha kupita katika mikono mingi, na chini yake yaliandikwa maneno tunayoyafahamu sote: "Kama nilivyoipokea." Aliyeuleta ni mtu mwema, anayependwa na kila mmoja wetu, na wala hakuwa na nia mbaya. Alipoulizwa nani amesema, hakuweza kujibu. Alipoulizwa ni lini ujumbe huo uliandikwa, hakuweza kujibu. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe ametoa fedha zake, akasema hapana. Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Aliyesema picha hazifunguki kwake alikuwapo kuulizwa. Aliyeeleza habari za mkongo alikuwapo kuulizwa, tena aliulizwa sana. Lakini ujumbe ule ulikaa katikati yetu bila mtu wa kuusimamia, na bado mpwa wa mmoja wetu alikwenda kwa wakala akapanga foleni.

Tofauti ninayoisema hata wenye mtandao huo wa WhatsApp waliiona. Mwaka 2018, baada ya watu kadhaa nchini India kuuawa na makundi ya raia kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliosambazwa kwa simu, kampuni hiyo ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliotumwa upya, na huko India ikaweka kikomo cha kuutuma kwa watu au makundi 5 tu kwa mara moja. Mwanzoni mwa 2019 kikomo hicho kikawekwa duniani kote. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita katika mikono mingi ukaruhusiwa kutumwa mahali pamoja tu kwa mara moja, na katika mwezi huohuo kampuni ikaeleza kwamba usambaaji wa ujumbe wa aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Wakati huohuo, makundi yenyewe hayakupunguzwa. Yaliongezwa: watu 256 mwaka 2016, kisha zaidi ya 1,000 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, waliachia watu wazungumze kwa wingi zaidi, wakabana ule urushaji wa mkono kwa mkono. Sina haja ya kuisifu kampuni ambayo ilichelewa hadi damu ikamwagika, lakini hatua hiyo ilikwenda mahali penyewe. Wala jambo hili halikuanza na simu za kisasa, maana majirani zetu wa Kenya wanakumbuka jinsi ujumbe mfupi wa kawaida ulivyotumika kuchochea chuki baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nao pia ulikuwa ukisambazwa na watu wasioujua ulikotoka.

Kuna ujumbe mwingine ambao haufi. Unasema kwamba kuanzia kesho mazungumzo yote ya simu yatarekodiwa, kwamba tiki mbili za bluu na moja nyekundu maana yake ni kuwa serikali imechukua hatua dhidi yako, na kwamba uwaonye watoto na ndugu zako wote. Umezunguka katika nchi nyingi kwa lugha nyingi, na kila unapoingia kwetu hutia baridi watu wazima kabisa. Ulipoingia kundini, kijana mmoja wetu ambaye sasa anafundisha kompyuta hakutosheka na kuandika "uongo". Alieleza kwamba tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa ufunguo katika simu ya anayetuma na kufunguliwa katika simu ya anayepokea tu, hivyo hata kampuni yenyewe haiyasomi maneno yako yanapopita. Kisha akaongeza tahadhari ya maana zaidi, kwamba ufunguo huo haumzuii mwenzako kupiga picha ya skrini na kuipeleka anakotaka. Kwa hiyo watu waliondoka wakijua kitu cha kweli kuhusu simu zao, na wakajua vilevile mahali ambapo wanapaswa kuwa waangalifu kikweli. Hakuna semina iliyoitishwa wala posho iliyolipwa.

Kasoro ya pili ya ujumbe usio na mwenyewe ni kwamba hauna tarehe. Mwanzoni mwa Mei hiyohiyo ya 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinaikaribia pwani yetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa moja baada ya nyingine kadiri hali ilivyobadilika. Mwenzetu wa Mtwara alikuwa akituandikia anachokiona: rangi ya bahari, upepo, mashua zilizovutwa nchi kavu. Alitukumbusha pia kile ambacho bibi yake alikuwa akikisimulia, kimbunga kilichoipiga Lindi mwezi Aprili mwaka 1952, habari ambayo vijana wengi wa pwani hawajapata kuisikia na ambayo ilitusaidia kuelewa kwamba jambo hili, ingawa ni nadra, si geni kwetu. Hizo ndizo soga ninazozitetea. Lakini tarehe 4 Mei kimbunga kilipoingia nchi kavu na kupoteza nguvu, taarifa mpya ilipokuwa imekwisha kutolewa, ile ya zamani iliendelea kuingia kundini kama ndiyo kwanza imeandikwa, na mama mmoja wa Kilwa, ndugu wa mwenzetu, alibaki nje ya nyumba yake usiku mwingine wote kwa sababu ya picha iliyokuwa imepitwa na wakati. Ilikuwa hivyohivyo wakati wa tozo za miamala ya simu: zilianza Julai 2021, zikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, na muda mrefu baadaye majedwali ya viwango vya mwanzo bado yalikuwa yanarushwa, watu wakigombana na mawakala wasio na kosa.

Matapeli nao wanaujua udhaifu huu vizuri. Ule ujumbe wao maarufu, "Ile pesa nitumie kwenye namba hii", unanasa watu kwa sababu haumtaji mtu yeyote. Umeandikwa ili kila anayeusoma amjazie mwenyewe mtu wake anayemdai. Namba ya kuripoti ujumbe kama huo ni 15040, na niliifahamu kundini, katikati ya mazungumzo ya bei ya nazi. Sasa ambapo akili mnemba inaweza kuigiza sauti ya ndugu yako hadi ukaamini ni yeye, kinga iliyo karibu zaidi nasi ni kule kufahamiana: mtu akiomba fedha kwa sauti ya rafiki yetu, tunamuuliza habari ambayo ni sisi tu tuliocheka pamoja tunayoijua.

Nalazimika kuigusa sheria, kwa kuwa imekuwa ikitajwa ovyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamlenga mtu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha, tena akiwa na nia mbaya, kama vile kukashifu, kutishia au kuupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Masharti hayo ya kujua na ya kukusudia yana uzito mkubwa, lakini wananchi wengi walichokisikia ni faini na kifungo tu. Matokeo yake nimeyaona. Wale wenye kawaida ya kueleza jambo kwa maneno yao wenyewe, wenye maswali, wenye kusema "mimi hapa ninaona hivi", ndio walionyamaza, wakabaki kutuma picha za maua na salamu za asubuhi. Wanaorusha vitu vya watu wengine hawakunyamaza, kwa kuwa wanadhani yale maneno "Kama nilivyoipokea" ni kinga yao. Ningependa wanasheria wetu, ambao gazeti hili huwapa nafasi kila wiki, waeleze hadharani na kwa lugha ya kawaida tofauti kati ya mtu anayeuliza wenzake jambo alilolisikia na mtu anayelisambaza akijua ni uongo, ili maadmini waache kufunga makundi kila penye joto la siasa, yaani wakati uleule ambao watu wanahitaji zaidi kuulizana.

Katika kundi letu tumekubaliana jambo moja ambalo nalitoa kwa wasomaji wako walifikirie. Mtu haruhusiwi kuleta kitu cha wengine bila kukitangulizia sentensi yake mwenyewe: nimekitoa wapi, ni cha lini, na mimi nakionaje. Akishindwa kuiandika sentensi hiyo, hakileti. Na ikibainika kwamba alichokileta si kweli, hakifuti kimyakimya. Anaandika palepale kwamba si kweli, kisha anarudi kwa kila aliyemtumia kwingine. Mwanzoni baadhi yetu waliliona sharti hili kuwa la kishule mno, na kusema kweli waliolipendekeza ni walimu. Limefanya kazi kwa sababu limeuacha utani kama ulivyo. Mtu anaweza kumtania shabiki wa Simba usiku kucha, akalalamikia umeme, akauliza simu gani inadumu na chaji, akasimulia alivyonyeshewa stendi, bila sharti lolote, kwa kuwa hayo ni yake na yeye yupo. Kilichopungua ni ile mizigo mirefu isiyo na jina, na mahali pake pameingia maswali.

Ombi langu kwako, Mhariri, linatokana na hapo. Marafiki wanaposhuku jambo, mara nyingi hawana pa kwenda kuthibitisha kwa haraka, kwa Kiswahili, na bila kumaliza bando. Zipo taasisi zinazofanya kazi ya uhakiki vizuri, kama PesaCheck na Africa Check, lakini wasomaji wengi wa kawaida hawajazifahamu, na makala zake ni ndefu kwa mtu aliye kwenye daladala. Gazeti hili linaaminiwa majumbani tangu zamani. Litenge kona moja ndogo kila siku ya kujibu yale yanayozunguka kwenye simu siku hiyo: lililodaiwa, lililo kweli, aliyeulizwa, na tarehe na saa ya jibu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote, ili jibu la leo lisije likarushwa mwakani kama jipya. Litolewe kwa maandishi mafupi badala ya picha nzito, yenye sentensi tatu au nne ambazo mtu anaweza kuzinakili na kuzileta kundini akiwa na mahali pa kuonyesha. Na pale ambapo gazeti lenyewe litakuwa limekosea, sahihisho liwekwe katika kona hiyohiyo, lisifichwe chini ya matangazo ya zabuni.

Kazi ya kukusanya haitawagharimu waandishi wako. Sisi tuko tayari kuleta kila jioni yale yaliyoingia kundini bila mwenyewe, pamoja na saa yalipoingia, na nina hakika makundi mengine ya Arusha, Zanzibar na Kigoma yatafanya hivyo yakiombwa. Tunachohitaji ni kutangaziwa namba ya kuyatuma.

Msomaji wako,
Mwalimu wa sekondari,
Tanga